Makumbusho ya Taifa Nairobi: nendeni, na msiende mbio

Kila likizo ya shule ikikaribia watu wanaanza kuulizana Nairobi watoto wapelekwe wapi, na majibu ni yale yale, mara mall, mara bembea, mara pizza, jioni mnarudi nyumbani pesa imekatika na mtoto hana hata kitu kimoja cha kusimulia. Mimi jibu langu ni moja na nalisema kwa moyo mmoja, pelekeni Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill. Na sio watoto peke yao, hata nyinyi wakubwa mliopelekwa zamani na basi la shule mkapitishwa mbio mbio mkatoka mnakumbuka ndovu na soda tu, rudini jamani. Pale si pa kwenda mara moja ukasema umemaliza.

Nimetoka huko juzi na mpwa wangu wa miaka tisa, mtoto wa kaka yangu, kaja kutoka Mombasa na maswali yake begani, na bado nina mambo kifuani ndio maana naandika haya marefu. Ndani kuna sanaa ya kale, kuna sayansi, kuna siasa, kuna wanyama, na kila kimoja kina sehemu yake, lakini ukisimama na kitu kimoja kwa muda wa kutosha unaona hivyo vinne haviachani kabisa, ndovu ana siasa ndani yake, fuvu lina siasa, mchoro una sayansi. Hiyo ndio raha yenyewe ya hapa na ndio maana nasema msiende mbio.

Mambo ya kawaida kwanza niyamalize. Kufika ni rahisi, matatu za Westlands kutoka tauni zinapita pale, unashuka Museum Hill unapanda kidogo kwa miguu. Wanafungua kila siku saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi na moja na nusu jioni. Malipo ni kwa simu kupitia eCitizen kwa hivyo chaji iwe ipo na bando iwe ipo, na beba kitambulisho maana mwananchi analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni. Nyumba yenyewe ni ya zamani, ilifunguliwa 1930 ikiitwa Coryndon Museum, jina la gavana wa mkoloni, baada ya uhuru ndio ikawa ya taifa, halafu ikafungwa ikatengenezwa upya ikafunguliwa tena 2008.

Sasa uani pale, kabla hata hujaingia ndani, kuna Ahmed. Ahmed ni ndovu wa Marsabit, na huyo wa uani ni sanamu yake ya faibaglasi kwa ukubwa wake kamili, mifupa yake yenyewe iko ndani kwenye ukumbi wa mamalia. Simama chini ya pembe zile. Zinashuka mpaka karibu na ardhi halafu zinapinda kuja mbele, na kila moja ilikuwa na zaidi ya kilo 60, yani huyu mnyama alitembea maisha yake yote amebeba uzito wa watu wawili mdomoni. Mwaka 1970 kulikuwa na hofu kwamba atauawa kwa ajili ya hizo pembe, barua zikamiminika, na Mzee Jomo Kenyatta akatoa amri ya rais kwamba ndovu huyu asiguswe na mtu yeyote. Akawekewa askari wa kumlinda usiku na mchana, akaishi hivyo mpaka akafa kifo chake cha uzee mwaka 1974, na kwa makadirio alikuwa na miaka kama 55.

Mimi hii hadithi naijua toka utotoni na siku zote niliisikia kama hadithi nzuri tu, basi. Nikamsimulia mpwa wangu vile vile nilivyosimuliwa, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza, "Shangazi, na wale ndovu wengine nani aliwalinda?" Hapo nikanyamaza kidogo. Kwa sababu ukweli ni kwamba mwaka 1970 uwindaji ulikuwa bado halali Kenya, ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo ndovu mmoja alikuwa na askari wake na wenzake walikuwa wanaweza kupigwa risasi na mtu mwenye leseni yake mfukoni, na hiyo ni mbali na majangili. Na hata baada ya marufuku mauaji yaliendelea mpaka 1989 Rais Moi akachoma tani 12 za pembe pale Nairobi National Park dunia nzima ikiangalia. Na aliyekuwa nyuma ya ule moto ni Richard Leakey, ambaye kabla ya kupewa kazi ya kulinda wanyamapori alikuwa ndiye mkuu wa makumbusho haya haya toka 1968. Mtu wa mifupa ya kale ndiye akaenda kuwa mtu wa ndovu, na miaka ya tisini akaingia upinzani na chama cha Safina, na 1999 Moi yule yule akamfanya mkuu wa utumishi wa umma. Ukitaka kujua siasa za Kenya zinavyozunguka anza na huyo ndovu hapo uani, sikutanii.

Ukiingia ndani unapokelewa na Ukumbi wa Kenya, na hapa watu wengi wanapita kama wanapita korido. Msipite. Kuna ramani ya Kenya ukutani, ukiwa mbali ni ramani tu ya kawaida ya rangi rangi, ukisogea karibu unaona ni vipepeo, yote imetengenezwa kwa vipepeo, mabawa kwa mabawa. Mpwa wangu alikuwa anasogea karibu anarudi nyuma, anasogea anarudi nyuma, akitafuta ni wapi hasa vipepeo vinageuka kuwa nchi. Kuna pia joho la Wakalenjin la ngozi za kima. Hili liangalieni kwa utulivu, angalieni manyoya yanavyolala, angalieni ngozi moja inavyokutana na nyingine, mtu aliyelishona hakuwa na cherehani wala taa ya umeme na kazi yake inasimama mbele ya nguo yoyote ya bei mbaya unayoijua. Watu hawajui kwamba hiyo ni sanaa kwa sababu hatukufundishwa kuiita sanaa, tulifundishwa sanaa ni picha iliyotiwa fremu.

Kutoka hapo kuna chumba cha ndege. Zaidi ya ndege 900 waliokaushwa wako kwenye vioo, na ni wengi mpaka macho yanachoka, kwa hivyo ushauri wangu chagueni kundi moja, sisi tulichagua kuwatafuta tai na mwewe tu, wengine tukawaacha siku nyingine. Lakini kuna hadithi moja ya ndege na wanyama ambayo lazima niieleze hapa kwa sababu kila nikiona ndege kwenye kioo inanijia.

Kulikuwa na afisa wa jeshi la mkoloni anaitwa Richard Meinertzhagen. Huyu ndiye aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905, kwenye mkutano ambao Koitalel alikuja akijua ni wa kuongea amani. Wanandi walikuwa wameipinga reli na serikali ya Waingereza kwa miaka kama kumi, na kifo kile ndicho kilichowavunja. Sasa, huyu huyu Meinertzhagen alikuwa mtaalamu mkubwa wa ndege, alisifiwa miaka na miaka, alikusanya maelfu ya ndege akayatoa kwa makumbusho ya Uingereza, halafu alipokwisha kufa watafiti wakaja kugundua kwamba sehemu kubwa ya ule mkusanyiko ni wizi mtupu, alichukua ndege waliokaushwa kutoka makumbusho zingine akabandika lebo zake za uongo za mahali na tarehe. Na mpaka leo yule nguruwe mkubwa mweusi wa msituni, wa Aberdare na Mlima Kenya, jina lake la kisayansi ni Hylochoerus meinertzhageni. Alipewa jina hilo 1904, mwaka mmoja kabla ya Koitalel kuuawa. Mnyama wetu, wa msitu wetu, anatembea na jina la aliyemuua kiongozi wetu. Mimi hili linaniuma kweli, na naona kila mtoto wa Kenya anapaswa kuambiwa akiwa mbele ya hao wanyama, wala halitamharibia raha ya kuwaangalia, litamfungua macho zaidi.

Ukumbi wa mamalia uko hapo hapo. Kuna nyati, kuna okapi ambaye wengi hamjawahi kumuona hata kwenye picha, kuna mifupa ya Ahmed niliyowaambia, na kuna twiga. Kwa twiga nilikaa sana. Sisi watu wa Pwani twiga tunamuona wa bara, hatuhusu, lakini twiga wa kwanza kuishangaza China alihusiana na Malindi. Mwaka 1414 mfalme Yongle wa China aliletewa twiga na wajumbe wa Bengal, upande wa India, na inaaminika huko Bengal alifika kutoka Malindi, na mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi wenyewe wakapeleka wa kwao. Hebu fikirini safari hiyo, twiga ndani ya chombo, pepo za kusi na kaskazi, majani ya kumlisha, maji, wiki baada ya wiki baharini. Akafika salama. Wachina wakasema huyu ni qilin, mnyama wa kwenye masimulizi yao ambaye hatokei ila nchi ikiwa na mtawala mwadilifu. Wakamchora kwenye hariri, na mchoro huo ukaandikiwa shairi la sifa juu yake. Na kumbuka huyo Yongle kiti alikipata 1402 kwa kumpiga vita mtoto wa kaka yake mwenyewe aliyekuwa mfalme, kwa hivyo mnyama anayekuja kushuhudia kwamba wewe ni mwadilifu ni zawadi kubwa kuliko dhahabu. Malindi haikuwa na jeshi la kuitia hofu China, ilikuwa na twiga, na ikajua pa kumpeleka. Ukimwangalia twiga pale ukumbini ukijua hayo, huoni tena shingo tu.

Sasa tuingie penyewe. Chumba cha chimbuko la binadamu, na ndani yake kile chumba cha mafuvu. Kama una saa moja tu ya makumbusho yote, acha ndege, acha juu, njoo hapa.

Kuna mafuvu na mifupa ya watu wa kale sana, na kila kimoja kina namba inayoanza na KNM, ikimaanisha ni mali ya makumbusho haya, halafu ER ni upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, WT ni upande wa magharibi. KNM-ER 1470, fuvu la karibu miaka milioni 1.9, liliokotwa 1972 na Bernard Ngeneo. Na KNM-WT 15000 ndiye Mtoto wa Turkana. Huyu ana mifupa 108, kwa watu wa kale wa kiasi hicho hakuna aliyepatikana mzima hivi. Aliishi miaka kama milioni 1.6 iliyopita. Kwa kuangalia meno yake wataalamu wanasema alikuwa na miaka minane au tisa, lakini urefu wake ulikuwa umeshafika kama sentimita 160, yani mtoto wa gredi ya tatu mwenye kimo cha mama yake. Mikono na nyayo karibu zote hazikupatikana. Kwenye taya kuna alama za ugonjwa wa fizi pale jino la utoto lilipong'oka, na wako wataalamu waliofikiri ndio uliomuua.

Mpwa wangu alipoambiwa miaka minane au tisa alisogea akabandika paji la uso kwenye kioo. "Kumbe ni mtoto. Mamake alijua kama anaumwa jino?" Sikuwa na jibu na sijatafuta jibu, ila nimelibeba lile swali mpaka nyumbani.

Na aliyempata? Hapa nataka niseme kwa sauti. Aliyempata ni Kamoya Kimeu, mtu wa Makueni, ambaye alianza na kina Leakey mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba kule Olduvai Tanganyika. Hakuwa na digrii. Alikuwa na jicho. Mwezi Agosti 1984 walikuwa wamepiga kambi karibu na mto mkavu wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, siku hiyo ilikuwa ya mapumziko, wenzake wanafua na kulala, yeye akasema anyooshe miguu ng'ambo ya mto. Chini imejaa changarawe nyeusi za lava. Katikati ya changarawe nyeusi akaona kipande cheusi kidogo cha fuvu, ukubwa wa kama kibiriti, rangi ile ile ya mawe. Mimi nimewahi kupoteza hereni kwenye zulia la rangi moja nikashindwa kuipata na taa imewaka. Yeye aliona kipande cha paji la uso wa mtoto kwenye jangwa la mawe, na akajua ni nini. Wakachimba kwa misimu kadhaa ndio mifupa ikatoka mmoja mmoja.

Mwaka 1985 Kamoya alialikwa Ikulu ya Marekani akapewa nishani ya National Geographic mkononi mwa Rais Reagan. Wazungu walimpa heshima, kuna hata mabaki ya mnyama wa kale wa jamii ya nyani yaliyopewa jina lake, Kamoyapithecus. Alifariki Julai 2022, mwaka ule ule ambao Richard Leakey alifariki mwezi Januari. Sasa ulizeni barabarani, Leakey ni nani, watu watajibu. Ulizeni Kamoya Kimeu ni nani. Alikuwepo mzee mmoja pale chumbani na wajukuu zake wawili, nikamsikia anawaambia kwa Kikamba, jina la Kamoya likirudi na kurudi, na wale vijana wamesimama wima wanasikiliza kama wanaambiwa habari za babu yao mwenyewe. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Kama kuna mtu anastahili barabara yenye jina lake nchi hii ni huyo.

Kwenye mambo ya zama za mawe msiruke mashoka ya mawe. Kwa haraka haraka ni mawe. Lakini angalieni yalivyochongwa pande zote mbili, kushoto sawa na kulia, ncha juu, tako la mviringo chini. Kukata nyama hakuhitaji shoka liwe sawa pande zote mbili namna ile. Mtu yule wa kale alikuwa na sura kichwani mwake kabla hajagonga jiwe la kwanza, na mimi naiita hiyo sanaa na sioni haya. Ukiyapenda haya nenda Olorgesailie, njia ya Magadi, yako chini kwa mamia pale pale yalipoachwa. Na Olorgesailie ndiko watafiti walikotangaza 2018 kwamba walipata vipande vya madini ya rangi, nyekundu na nyeusi, vya miaka kama 300,000, vingine vikiwa na alama za kuchimbwa na kutobolewa. Yani miaka 300,000 iliyopita kuna mtu alikaa hapa karibu na Nairobi anatengeneza rangi.

Shikeni hilo la rangi mpande nalo juu, kwa sababu juu kuna michoro ya Joy Adamson, yule mama aliyemlea simba Elsa. Kabla ya Elsa kazi yake ilikuwa kuchora, alianza na maua, na mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya mkoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya na mavazi yao ya sherehe, akachora mamia. Mikono yake ilikuwa na uwezo, hilo halina ubishi. Shanga utazihesabu, mikunjo ya ngozi iko, udongo mwekundu kwenye nywele na mabega ya watu uko vile ulivyo, udongo ule ule wa jamii ya ile rangi ya Olorgesailie. Ila jiulizeni pia nani alimtuma. Serikali iliyokuwa inawanyang'anya watu ardhi ndiyo iliyolipa mtu aende awachore kabla "hawajabadilika". Mimi napenda michoro ile na nachukia ile sababu, na yote mawili nimetoka nayo.

Na mlango wa karibu ni historia ya Kenya, ambapo utaona miaka hiyo hiyo ya mkoloni kwa upande mwingine kabisa. Bunduki za Mau Mau zisiwapite. Ni za kujitengenezea, bomba la maji ndio mtutu, komeo la mlango ndio la kufyatulia, mbao, na mpira wa kukazia. Zilimlipukia mwenyewe aliyezishika mara nyingi tu. Mtu anayeingia msituni na kitu kile mkononi kupigana na dola yenye ndege za vita, huyo alikuwa amekata shauri. Niliona kijana wa chuo hivi anapiga picha kila kiungo cha ile bunduki, nikamuuliza akaniambia anasomea uhandisi. Nikasema sawa, hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ukishuka tena nje mtazame Louis Leakey, babake Richard, sanamu yake imekaa pale. Huyu ndiye aliyeyasimamia makumbusho haya miaka ya arobaini na hamsini, akakuzwa kati ya Wakikuyu, Kikikuyu chake cha kuzaliwa nacho. Na kesi ya Kapenguria ilipoanza mwishoni mwa 1952, Kenyatta, Ngei, Kaggia, Kubai, Oneko na Karumba wako kizimbani, mkalimani wa mahakama alikuwa nani? Leakey huyu huyu. Mawakili wa utetezi wakampinga kwamba anaegemea upande mmoja, mwishowe akajiondoa. Mchana mtu wa visukuku, na ndiye anayetafsiri maneno ya mtu anayehukumiwa kwa kutaka nchi yake. Halafu watu wanasema sayansi na siasa ni vitu viwili.

Kitu kingine ambacho makumbusho haya yalifanya na nitawasifu mpaka kesho, mwaka 2021 waliweka maonyesho yenye makabati ya vioo matupu. Matupu kabisa. Yalikuwa ya vitu vya Kenya vilivyoko nje, watafiti wa hapa na wa Ujerumani walikuwa wameorodhesha zaidi ya 32,000 kwenye makumbusho za Ulaya na Marekani. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ilichukuliwa na Waingereza 1902 na iko British Museum mpaka sasa. Vigango vya Mijikenda, nguzo za mbao za kuchongwa za kumkumbuka mzee wa Gohu, chama cha wazee, aliyefariki, viliibwa vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, viwili vikarudi kutoka Marekani 2007, vingine vimeendelea kurudi kidogo kidogo. Sisi kwetu kigango ni mtu. Anasimama pale badala ya babu. Kumuona babu amesimama sebuleni kwa mtu California akiwa pambo, hiyo ni aibu ya dunia nzima, na kabati tupu lilisema hayo bila kelele.

Ombi langu moja kwa walioko pale, Kiswahili. Ningependa siku moja nione mbele ya kila kitu maelezo marefu ya Kiswahili kizuri, yenye utamu, kwa sababu nilikuwa natafsiri kwa sauti na nikaona watu wasiotuhusu wanasogea kusikiliza, mama mmoja na vitenge vyake mpaka akatufuata vyumba viwili. Njaa ya kusikia ipo.

Na walimu, nawaomba kwa heshima. Kuna shule moja iliingia na watoto kama themanini, wakapangwa mstari, wakaambiwa wanakili maandishi ya kwenye vibao, songa, songa, songa. Watoto walikuwa wanageuza shingo kumuangalia okapi huku wanasukumwa. Bora waone vitu vitano tu wakae navyo.

Mwisho Snake Park, iko hapo hapo uani, ipo toka 1961. Kuna mamba, kobe, chatu, fira, na kifutu. Kifutu mwangalieni vizuri na muwaonyeshe watoto, hasa wa mashambani, rangi yake ni ya majani makavu na udongo na tabia yake ni kutulia tuli hata ukimkaribia, hakimbii kama nyoka wengine, ndio maana anauma watu wengi Afrika, wanamkanyaga. Sisi ilituchukua muda kumuona na tulikuwa tunajua yuko ndani ya kile kioo. Ila iacheni iwe ya mwisho, maana mtoto akishaona nyoka hai hakubali tena kurudi kwenye mafuvu, na ulizeni mlangoni mapema kuhusu tiketi yake mkiwa mnalipa ile ya kwanza, saa kumi na moja na nusu inafika kabla hamjajua.